Mwache mtoto asome takwimu

 

Kila mwaka majina ya vijana waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotoka, nyumba nyingi za hapa mjini hugeuka mahakama. Kijana ndiye mshitakiwa, baba ndiye hakimu, na wajomba na mashangazi ndio wazee wa baraza. Ikiwa amechaguliwa udaktari, kesi hufutwa palepale na soda zikaletwa. Ikiwa ni sheria au uhasibu, huachiwa kwa vigelegele. Lakini akisema amechaguliwa kusoma hisabati na takwimu, hapo ndipo maswali huanza. "Utakuwa nani?" "Utakula nini?" "Ina maana utaishia kuwa mwalimu?" Kana kwamba ualimu nao ni msiba.

Nimeletewa barua na msikilizaji mmoja, mama wa hapa jijini, ambaye sitalitaja jina lake. Anasema binti yake alifanya vizuri kidato cha sita katika mchepuo wa uchumi, jiografia na hisabati, na chaguo lake la kwanza ni shahada ya takwimu. Ndugu wa upande wa baba hawataki. Wanataka abadilishe haraka, kabla dirisha halijafungwa, aende kusoma biashara. Na yule anayetegemewa kuchangia sehemu kubwa ya ada amesema wazi kwamba hatoi hata senti tano kwa kozi ya kuhesabu watu. Mama anamaliza barua yake hivi: "Ndugu mtangazaji, wewe unakutana na wataalamu. Hebu nieleze, elimu hii ni ya nini, na mwanangu atafika nayo wapi?"

Mama, nitakujibu mbele ya wote, maana najua swali hilo si lako peke yako. Mimi si mtaalamu wa hisabati. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini kazi hii kwa zaidi ya miaka 20 imenikalisha jirani na namba kila siku ya Mungu, na nimeona zinavyosaidia watu na zinavyowapoteza watu. Kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Tuanze na hilo la kuhesabu watu, maana limesemwa kwa dharau. Ni kweli, sensa ni kazi ya watu wa takwimu. Mwaka 1967 tulihesabiwa tukawa milioni 12.3. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Katika miaka 10 tu tumeongezeka watu zaidi ya milioni 16, yaani zaidi ya Watanzania wote waliokuwapo mwaka 1967. Ongezeko la kila mwaka lilikuwa asilimia 3.2. Mtu wa mtaani akisikia asilimia 3.2 huona ni kitu kidogo. Aliyesoma hisabati anakuambia kwamba kwa mwendo huo idadi hujirudufu katika miaka kama 22. Maana yake, mtoto anayezaliwa leo atakapokuwa anamaliza chuo, patahitajika madarasa mara mbili ya haya, vitanda vya wodi ya wazazi mara mbili ya hivi, na maji mara mbili ya haya ambayo tayari tunayagombania kwa ndoo. Je, huyo ni mtu wa kuhesabu watu tu? Huyo ndiye anayeona mvua ikiwa bado iko mlimani.

Tena sensa hufanyika mara moja katika miaka 10 hivi. Katikati ya hapo nchi haiwezi kufumba macho. Inabidi ijue bei za vyakula, wasio na kazi, watoto wasiopata chanjo. Hatuwezi kugonga kila mlango kila mwezi. Ndipo inapokuja elimu ya sampuli. Mpishi wa shughuli akitaka kujua kama mchuzi wa sufuria kubwa umekolea chumvi, hanywi sufuria nzima. Hukoroga, akaonja kijiko kimoja. Kijiko kimoja kinatosha, mradi umekoroga. Asipokoroga, hata akionja mabakuli kumi ya juu juu, atadanganyika. Elimu kubwa ya takwimu imo katika kule kukoroga: namna ya kuchagua watu wa kuulizwa, ili wachache wawawakilishe wengi kwa haki, na namna ya kusema kwa uaminifu kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani.

Wamarekani waliliona hilo mwaka 1936. Jarida moja mashuhuri la huko, Literary Digest, lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Wakati huohuo, mtu mmoja aitwaye George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua kwa utaratibu, akasema Roosevelt atashinda. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Kosa la jarida lilikuwa nini? Majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na wenye magari, na miaka ile ya dhiki wenye simu na magari hawakuwa watu wa kawaida. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na waliozitupa. Kadi milioni 2, na bado mchuzi haukukorogwa.

Nalisema hili kwa sababu linatuhusu sisi wa redioni. Mtangazaji anafungua simu, anauliza kama nauli zipande au zisipande, kisha anatangaza: "Asilimia 80 ya wananchi wanasema zisipande." Wananchi gani? Ni wale wenye vocha ndani ya simu, wenye nafasi saa nne asubuhi, na wenye hasira ya kutosha kupiga. Mama anayeuza vitumbua stendi hakupiga. Dereva aliye barabarani hakupiga. Kipindi kama hicho ni kizuri kwa kusikia maoni, lakini si kipimo cha maoni ya nchi. Laiti kila chumba cha habari kingekuwa na kijana mmoja aliyesoma takwimu, wa kutuvuta shati kabla hatujasema asilimia.

Sasa tuje kwenye hisabati tumizi, ambayo ni ndugu wa takwimu. Hisabati tumizi ni kulichukua jambo la dunia, kama ugonjwa, foleni, mafuriko au mkopo, ukaliandika kwa milinganyo, kisha ukauliza: nikigusa hapa, kule kutatokea nini? Nitatoa mfano wa malaria, maana hakuna nyumba katika pwani hii isiyoijua.

Ronald Ross ni yule daktari Mwingereza aliyethibitisha mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu ndiye anayebeba vijidudu vya malaria. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini watu wengi hawajui kwamba alikuwa pia mpenzi wa hisabati. Wakati ule watu walimwambia: huwezi kuua mbu wote, basi kazi yako ni bure. Ross akakaa na kalamu, akaandika milinganyo, akaonyesha kwamba si lazima uue mbu wote. Ukiwapunguza hadi chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe hushindwa kujiendeleza, ukafifia. Katika miaka ya 1950, mwenzake George Macdonald akaipeleka hesabu hiyo mbele zaidi, akaonyesha kwamba jambo kubwa kuliko yote ni umri wa mbu.

Hebu tufanye hesabu hiyo pamoja, chukua karatasi. Mbu akimnyonya mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Kijidudu kinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake. Tuseme kila siku, katika mbu 10, wanabaki hai 9. Baada ya siku 10, katika mbu 100 watabaki kama 35. Sasa weka kitu kinachoua mbu mmoja zaidi kwa siku katika kila 10, wabaki 8. Baada ya siku 10, katika mbu 100 watabaki kama 11 tu. Ongeza mmoja tena, wabaki 7 kila siku: baada ya siku 10 wanabaki watatu. Umeona, msikilizaji? Kwa siku moja tofauti ni ndogo, lakini mwisho wa safari wabebaji wa ugonjwa wamepungua kutoka 35 hadi 3. Ndiyo sababu chandarua chenye dawa si ukuta tu wa kumlinda anayelala ndani. Mbu anayekigusa hufa kabla ya kuzeeka, na jirani asiye na chandarua naye akanufaika. Hesabu hiyo haina kitu ambacho mwanafunzi wa sekondari hawezi kukifuata. Ni kuzidisha tu. Lakini mtu alihitajika wa kufikiri kwamba mbu ana hesabu.

Mfano mwingine ni wa kwetu hapahapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Canada waliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani, maana wengi hufia nyumbani na hospitali haiwaandiki. Walipopanga takwimu zile kando ya bajeti, mambo yakaonekana. Katika Morogoro malaria peke yake ilikuwa ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyokuwa ikipotea, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa kama asilimia 5. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hakuna aliyewachukia watoto. Fedha zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea tu. Wakuu wa afya wa wilaya walipoonyeshwa picha hiyo, wakapata na nyongeza ndogo ya fedha, wakazipeleka panapouma: kwenye malaria na magonjwa mengine ya watoto. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya zile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mtu wa takwimu mwenyewe atakuonya kwamba huenda yalikuwapo mambo mengine yaliyosaidia, na hiyo nayo ni sehemu ya elimu yake. Lakini niambie, mzee unayekataa kuchangia ada: waliookoa watoto wale wote walivaa makoti meupe?

Kuna na hili la kikokotoo. Mwaka 2018 nchi nzima ilijifunza neno hilo, na wengine walijifunza kwa machozi. Kanuni mpya zilisema mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25, na zilizobaki apewe kidogo kidogo kila mwezi. Kelele zikawa kubwa, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Kuanzia Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha tena. Sitaki leo kuingia katika ugomvi huo. Ninachotaka kusema ni kwamba ndani ya kanuni ile kuna namba zilizobeba maswali mazito: mstaafu wa Tanzania anatarajiwa kuishi miaka mingapi baada ya kustaafu? Mfuko utakuwa na wachangiaji wangapi miaka 30 ijayo? Fedha zitazaa kiasi gani? Hizo ni kazi za wataalamu wa takwimu bima, ambao nchi yetu inao wachache. Wafanyakazi waligoma moyoni, viongozi wakatetea, waandishi tukaandika, lakini ni wangapi kati yetu tuliweza kuifungua kanuni ile na kuonyesha kwa hesabu nani anapata na nani anapunjwa? Jasho lako la miaka 35 linakatwa kwa kanuni ya mstari mmoja, na wewe huwezi kuisoma. Hiyo ni hatari kuliko mwizi wa usiku, maana mwizi utampigia kelele.

Tena ukosefu wa elimu hii hutufanya tutafute dawa pasipo na dawa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa ni kosa kutangaza takwimu za kukanusha au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Naona ilikuwa busara kuyaondoa. Takwimu mbaya haiondolewi na polisi. Inaondolewa na mtu anayesimama akauliza: mliuliza watu wangapi, mliwapataje, na swali lenyewe lilisemaje? Nchi yenye watu wengi wa kuuliza hivyo haitishwi na namba ya uongo, iwe imetoka kwa mwanasiasa, kwa mfanyabiashara wa dawa za miujiza, au kwa ofisi yenye muhuri.

Sasa, mama, nikueleze na ugumu wake, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kozi hizi si lelemama. Shahada kwa kawaida ni miaka 3. Mwanao atakutana na kalkulasi, aljebra, nadharia ya uwezekano, mbinu za sampuli na programu za kompyuta. Wapo wanaoingia wakiwa vinara wa shule zao na muhula wa kwanza wakalia. Tusisahau tunakotoka: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, katika kila watahiniwa 5 wa Hisabati, kama mmoja tu ndiye aliyefaulu. Kwa hiyo binti aliyefika hapo alipo amekwisha kuvuka mto ambao wenzake wengi wamezama. Kumtoa ng'ambo ya pili na kumrudisha ni hasara kwake na kwa taifa.

Pia sitasema kwamba ajira inamngoja mlangoni. Wapo wahitimu wa takwimu wanaozunguka na bahasha za kaki kama wahitimu wengine. Lakini nimezungumza na waajiri, na malalamiko yao yanafanana. Wanasema kijana anajua kanuni, ila ukimpa daftari la mauzo ya duka au orodha ya wagonjwa, hajui aanzie wapi. Au anajua kuchambua, lakini hawezi kumweleza bosi kwa lugha ya kawaida amegundua nini. Basi binti aanze mapema. Ajifunze kompyuta kuliko anavyodaiwa darasani. Likizo zake aombe kujitolea panapokusanywa takwimu: halmashauri, hospitali, taasisi ya utafiti, hata kwenye chama cha kuweka na kukopa cha mtaani. Na ajifunze kuyasema yale anayoyajua kwa Kiswahili ambacho shangazi yake atakielewa. Akiweza hayo, mabenki, kampuni za bima, kampuni za simu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na watafiti wa afya na kilimo ni watu wanaoihitaji kazi ya mikono yake.

Na kama hesabu za chuo kikuu zitaonekana nzito, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, hapa Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kupanda ngazi kwa cheti na stashahada. Chuo hicho kilianza mwaka 1961, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu chetu kilifungua milango kikiwa na wanafunzi 13, wote wa sheria. Waliotutangulia walijua kwamba nchi inayojitawala inahitaji watu wa kuandika sheria na watu wa kupima. Tumewatukuza sana wale wa kwanza, na hawa wa pili tukawasahau.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa vyuo: wapelekeni wanafunzi nje ya ukumbi wa mihadhara, wakakoroge mchuzi wenyewe, wakaone mhojiwa anavyokataa kujibu na fomu inavyolowa mvua. Kwa halmashauri na mashirika: mnapoajiri, msimpe kijana wa takwimu kazi ya kuchapa barua mwaka mzima. Mwekeni mezani bajeti inapopangwa, awaulize maswali, hata kama yanachoma. Na kwa ninyi ndugu wa upande wa baba: mkitaka kumzuia mtoto, mzuieni kwa sababu mnazozijua, si kwa sababu hamjawahi kumwona jirani mwenye kazi hiyo. Siku wilaya yenu itakapogawiwa zahanati moja wakati ilistahili tatu, mtatamani angekuwapo mmoja wa kwenu anayeweza kusimama mbele ya wakubwa akasema: hesabu hii si sahihi, na nitawaonyesha ni kwa nini.

Ada ya muhula wa kwanza, mama, huwa haingoji mabishano ya ukoo yaishe. Kama kuna mkopo wa elimu ya juu, ombeni mapema na mkague fomu mara mbili. Na hapo napo, binti ndiye akague namba.